Mtu wa Mbele Hanyamazi

Kwanza tuelewane: mtaa mzima hakuna anayekata kioo kunishinda, na hata wasionipenda wanalijua hilo. Shule niliacha darasa la tano, nikaondoka na rula yao. Nikipitisha kikatio mara moja tu, kioo kinaachia chenyewe kama kilikuwa kinasubiri ruhusa. Watu wananiita Redio, kwa sababu sizimwi.

Na kuongea kwenyewe ni kazi, msidhani ni tabia tu. Vioo vikubwa vya kujitazamia tunabeba wawili, mimi mbele upande huu, shemeji nyuma upande wa pili, kioo katikati. Hanioni. Shemeji ni kaka wa mke wangu, mtu mkimya kama kabati. Tangu siku ya kwanza tuliwekeana sheria: mtu wa mbele anaongea njia nzima. Anataja mlango, ngazi, shimo, na katikati anajaza maneno yoyote yanayomjia. Akinyamaza, wa nyuma anaweka chini hapohapo, haulizi. Miaka kumi na minane hatujavunja hata kimoja njiani. Shemeji anasema ni Mungu. Mimi nasema ni mdomo wangu, na Mungu mwenyewe anajua.

Sheria hiyo ndiyo iliyonikamata. Mwaka jana tunapandisha kioo ghorofa ya pili, mimi niko katikati ya kisa cha mama mkwe na kufuli, moyo ukaanza kurukaruka kama kuku kwenye gunia. Pumzi ikakatika, kisa kikakatika. Shemeji akaweka chini. Nikakaa kwenye ngazi, jasho linanitoka. Kioo hakikupata hata mkwaruzo. Aliyepelekwa hospitali ni mimi.

Daktari, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia puani, alinichorea kwenye karatasi. Moyo una umeme wake, akasema, na wa kwangu una visehemu vinavyotoa amri ovyo, kila kimoja kinajifanya bosi. Tulijaribu dawa miezi minne, wapi. Basi wakaamua kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa juu ya paja, wapande nao mpaka moyoni, waviunguze hivyo visehemu.

"Kwa hiyo mnachomelea," nikamwambia.

"Karibu na hivyo."

"Nauliza kama fundi. Mkono wako hautetemeki?"

Akacheka. Wote hucheka.

Nilizinduka nikaambiwa nisikunje mguu kwa saa kadhaa. Kwenye kinena damu ilikuwa imevilia, pana kama sahani. Nesi akanisomea masharti: wiki mbili usibebe kitu kizito, dawa ya kuzuia damu kuganda usiruke hata siku moja, na moyo ukishtukashtuka miezi mitatu hii ya mwanzo usikate tamaa, bado unapona. Ukienda mbio bila kutulia, njoo.

"Na mdomo?" nikamuuliza. "Nao unapumzishwa?"

"Huo hauna dawa, baba."

Wodi nzima ikacheka. Mimi nilikuwa natazama dari. Kulikuwa na doa la maji, limekaa kama kiatu. Nikalitazama mpaka chakula kilipokuja.

Nilidhani ni ile dawa ya usingizi haijaisha mwilini. Nikarudi nyumbani, wiki ikapita, ya pili ikapita. Wageni walijaa sebuleni, wamekuja kumpa pole mgonjwa na kuvunjwa mbavu bure. Nikawavunja. Nilijua pa kuchekesha palipo kama mtu anavyojua swichi ya chumba chake. Nabonyeza, taa inawaka kwao. Kwangu hamna.

Mke wangu hadanganyiki. Siku moja anakunja nguo akaniuliza, "Unajisikiaje?"

"Sijisikii."

"Vibaya?"

"Wala. Sijisikii tu."

Akaja akaweka sikio kifuani kwangu, akakaa hivyo kidogo. "Unapiga vizuri."

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo hivyo, mama watoto."

Akanisogezea rundo la nguo. Nikazikunja zote, pembe kwa pembe, vizuri kuliko yeye, na hilo hawezi kubisha. Wiki ya tatu nikiwa napiga mswaki moyo uliruka mara mbili tatu. Nikasimama na povu mdomoni nikisubiri kuogopa. Sikuogopa. Ukatulia, nikasukutua.

Wiki ya sita daktari akanipima, akasema rudi kazini, ila ukichoka pumzika. Kinyozi wa mtaa wa nyuma alikuwa ameagiza kioo cha ukuta mzima. Tunavaa glavu, shemeji akakohoa, dalili kwamba kuna neno linakuja.

"Shemeji, ukiona bado, yule fundi milango anaweza kushika mbele."

"Yule? Akiona kioo anaanza kuchana ndevu."

"Nasema tu."

"Mbele ni kwangu."

Nilisema kwa kujiamini, lakini ndicho kitu nilichokuwa nataka kujua siku ile, kama mbele bado ni kwangu. Mtu wa mbele asiyeongea ni mzigo, tena mzigo wenye miguu.

Tukanyanyua. "Mlango," nikasema. "Mtaro. Ruka." Tukatoka salama. Tulipofika kwa mama wa cherehani, akaniita, "Redio, leo sauti umepunguza nini?" Huyo mama miaka yote hajawahi kunirushia neno nikakosa la kumrudishia. Nikapeleka mkono kwenye rafu ya maneno, nikakuta rafu tupu. Nikanyamaza.

Kioo kikashuka.

"Moyo?" shemeji akauliza.

"Moyo unapiga kama saa ya ukutani."

"Umechoka?"

"Hapana. Sina la kusema."

Akanichungulia juu ya kioo. Tukanyanyua tena. Hatua kumi, kioo chini. Tena. Hatua sita, kioo chini. Mama wa cherehani akasimamisha mashine yake, hakunitania tena, na kutotaniwa na yule mama ni kubaya.

"Mwite fundi milango," nikasema.

Shemeji hakumwita mtu. Akazunguka kioo, akaja akasimama mahali pangu.

"Nenda nyuma."

"Wewe? Utasema nini wewe?"

"Tutajua hukohuko."

Nikaenda nyuma. Upande wangu ndio uliokuwa na uso wa kioo, kwa hiyo nikawa natembea ubavuni mwa sura yangu mwenyewe. Hatukuwa na la kuambiana, mimi na yule wa kwenye kioo.

"Naenda," shemeji akaanza. "Naenda. Jiwe. Naenda. Jana nilikula, nikalala. Duka. Duka lingine. Shati hili alinipa dada, halinibani. Mbwa amelala. Naenda."

Nimesikia watu wakiongea vibaya, lakini vile sijawahi. Nilimsikia akihema kwa maneno kuliko kwa kioo. Hakunyamaza hata hatua moja.

Tukafika kwa kinyozi.

"Ngazi," akasema. Nikapanda. "Ngazi." Nikanyanyua mguu, hakuna ngazi, nikakanyaga hewa.

"Ngazi ni moja, shemeji."

"Nimetaja mbili kwa usalama."

"Umenifanya nitembee kama bata mbele ya wateja. Miaka kumi na minane mimi nataja ngazi moja moja, wewe siku ya kwanza unajenga ghorofa."

Kule mbele kimya. Nikaweka chini hapohapo kizingitini, kinyozi anatutazama na kitana mkononi.

"Mbona umeweka?" shemeji akauliza.

"Umenyamaza."

"Nilikuwa nacheka."

"Basi cheka kwa sauti. Huku nyuma hakuonekani kitu."

Akavuta pumzi. "Haya. Mlango. Tunaingia mlango. Naenda."

Nikanyanyua upande wangu.