Pambano Moja au Mawili

Kubishana na mtani wetu kuhusu kanuni za mchezo kunachosha kuliko kupanda kwa miguu kutoka Mlali hadi Mgeta. Mchezo wenyewe ni wa mezani, ndio ulevi wetu wa Jumamosi mchana: mimi, mdogo wangu wa kiume, na huyo mtani. Kila mchezaji ana mhusika wake na karatasi inayosema mhusika huyo anaweza nini. Mtani anaendesha hadithi, anacheza maadui wote, na neno la mwisho la kanuni ni lake. Kitabu ni fotokopi ya Kiingereza, kurasa nyingine zimefifia, kwa hiyo ugomvi haukosekani.

Mhusika wa mdogo wangu anakimbia milimani bila kuhema. Yeye mwenyewe siku hizi kutoka kitandani hadi barazani ni kazi. Nilimpa figo yangu moja, akapona, tukashangilia, akarudi Dakawa kwenye mpunga wake. Sasa hiyo nayo imekataa. Daktari ametuambia waziwazi, na mimi sina nyingine ya kutoa. Nikilifikiria hilo natamani kuvunja vyombo.

Mhusika wangu ni mlinzi. Mara moja katika kila pambano anaweza kuruka mbele ya mwenzake na kulipokea pigo lake. Jumamosi ile uwezo huo niliutumia darajani, majambazi walipotuvamia. Wakakimbia. Tukavuka, tukawasha moto, mdogo wangu akasema mhusika wake anachoma mahindi. Mara wale wale wakarudi, mkuki wa mkubwa wao ukaelekezwa kwake. Nguvu zilishamwishia, pigo hilo lingemuua.

"Namkinga!" nikasema.

"Umeshamkinga darajani," mtani akajibu. "Pambano ni lile lile. Hamjapumzika."

"Lile lile wapi? Walikimbia! Watu wanachoma mahindi, wewe unaita vita?"

"Mahindi hayajaiva. Bado vita."

Mdogo wangu akacheka mpaka akashika ubavu. Kwetu Uluguru mtani wa ukoo ana ruhusa ya kututukana, hata msibani, na sisi hatuna ruhusa ya kununa. Huyu ametutukana tangu utotoni. Tulipolazwa baada ya operesheni alikuja wodini akampima mdogo wangu urefu kwa kanga, eti fundi wa jeneza anataka vipimo. Manesi wakamfukuza. Sisi tulicheka mpaka nyuzi zikauma.

Lakini Jumamosi ile mimi sikucheka. Nilisimama, nikamsogezea kitabu puani.

"Kupumzika kumeandikwa wapi hapa? Adui akiondoka, pambano limekwisha! Soma! Si una macho?"

Jamani, sikuwa nazungumzia majambazi tena, na wote wawili walijua.

"Dada, kaa chini," mdogo wangu akasema. "Mtani yuko sahihi. Ni pambano moja, na zamu yako umeshaitumia."

Mtani akamtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza siku hiyo alimtazama hasa: uso uliovimba, miguu isiyoingia tena kwenye viatu. Akaiweka dadu mezani bila kuirusha.

"Basi," akasema taratibu. "Ni mapambano mawili. Mkinge."

Miaka yote hiyo hajawahi kuuachia ukoo wetu kitu, hata kiti cha kivulini. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi huo sikuutaka. Ningekuwa na nguvu ningemwambia aufute uamuzi wake.

"We mtani," mdogo wangu akasema, "unanihurumia?"

"Hapana. Ni kanuni tu..."

"Kanuni kitu gani! Nitukane basi. Niambie nawachelewesha wachimba kaburi. Si ndiyo kazi yako?"

Mtani akafungua mdomo. Tukamngoja, mdogo wangu ameshaanza kutabasamu, amejiweka tayari kucheka. Mtani akaanza kulia.