Macho ya Mwalimu Dahir

Siku yangu ya kwanza ya uwakili niliingia mahakama ya Garissa nimevaa koti la marehemu baba, limenizidi mabega. Hakimu Mkazi, mama wa sauti ya chini, aliniambia kesi ilipokwisha, "Wakili, shahidi anayekosea si lazima awe mwongo. Muulize kwa adabu."

Baadaye nilihamia Wajir. Jumamosi tulicheza kriketi, mchezo niliojifunza shuleni Nairobi: mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo bapa. Uwanja ulikuwa mchanga mtupu, na ngamia walikatiza wapendavyo. Nahodha wetu, Mwalimu Dahir, alikuwa amesomesha nusu ya mji. Mwaka mmoja alianza kukosa hata mipira myepesi. Tuliona, tukanyamaza kwa heshima.

Ndipo nikamtetea Abdi, mchunga mifugo kutoka mji mdogo wa Griftu, aliyeshtakiwa kuiba ngamia. Shahidi mkuu wa mashtaka alikuwa Mwalimu. Aliapa kwamba alimwona Abdi ng'ambo ya silanga, lile bwawa la kunyweshea mifugo, akiswaga ngamia wa watu.

Shahidi akishamaliza, wakili wa mshtakiwa humhoji ili kuupima ushahidi wake. Nilisimama.

"Mwalimu, saa ile ya ukutani inasema ngapi?"

Alikaza macho kwa muda mrefu.

"Siioni vizuri, walaal, ndugu yangu."

"Na Abdi ulimwonaje, kule ng'ambo?"

"Nilimjua kwa mwendo." Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, nilidhani nimeona. Wallahi sikukusudia kumsingizia mtu."

Abdi aliachiliwa. Mwalimu alitoka akipapasa ukuta, na Jumamosi hakuonekana uwanjani. Nilimfuata kwake.

"Ungeniambia tukicheza," alisema. "Umeniambia mbele ya watu niliowafundisha."

"Tukicheza hapakuwa na mtu wa kufungwa, Mwalimu."

Akamwita mkewe alete shaah, chai ya maziwa, na vikombe viwili. Tulikunywa pamoja. Gongo hakulishika tena.

Sasa nimestaafu, nimerudi Garissa. Mawakili vijana huniuliza ni kesi ipi ninayojivunia. Huwatajia ya Abdi, na huwaambia kwamba sikulala vizuri baada yake, ingawa ningeombwa leo ningeuliza swali lilelile.

Mwalimu alipofariki, wanawe walinipigia simu niende Wajir upesi kabla ya maziko. Nilipofika, mkubwa wao alinishika mkono, akanisogeza mbele ya jeneza. "Beba hapa, abti," akasema, akiniita mjomba. "Alitaka uwe wewe."