Mtaro Tuliousafisha kwa Ajili ya Mgeni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka najichukia. Usidhani nakusimulia mambo ya ujana. Nilikuwa bibi mwenye mvi, na ujinga wangu ulikuwa umepevuka kama mimi.

Afisa afya, binti mmoja aitwaye Rukia, alikuja mtaani kwetu Kilindoni. Akanipa shikamoo, akaketi, akanieleza kwamba Jumamosi angechota maji ya mtaro unaokusanya maji machafu ya nyumba zetu zote, ayapeleke kupimwa. Kipindupindu, alisema, huonekana kwenye maji hayo kabla wagonjwa hawajajaa hospitali. Kikijulikana mapema, visima hutiwa dawa na watu huonywa. Nilimwitikia vizuri. Kumbe mimi nilisikia moja tu, kwamba mgeni anakuja kutazama vyoo vyetu.

Nawe unatujua, sisi watu wa sitara. Nyumba yetu ina jina tangu enzi za mababu waliotoka Omani, na pale mtaani watoto wawili walikuwa wanaharisha, jambo ambalo hatukulitoa nje. Ijumaa baada ya sala niliwaita wanawake wenzangu, tukafanya msaragambo, kazi ya pamoja. Tukamwaga chokaa na klorini vyooni, tukausugua mtaro kwa mifagio mpaka ukang'aa. Hata udi nilitaka kufukiza, wenzangu wakanicheka. Kesho yake Rukia akaja, akachota, akaenda zake.

Majibu yakaja: mtaa wetu salama. Dawa ya visima ikapelekwa kwingine, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Kisha mdogo wangu Saada, niliyekuwa nachota naye kisima kimoja, akashikwa na tumbo alfajiri. Kufika adhuhuri macho yameingia ndani, na kabla ya magharibi hatunaye. Kumwosha hatukuachiwa. Walimwosha watu wa hospitali waliovaa glavu na mabuti, mimi nimesimama mlangoni nalia.

Rukia alipokuja kuhani nilimweleza tulichokifanya.

"Bibi, mimi sikuja kukagua usafi," akasema. "Niliutaka uchafu wenu kama ulivyo."

Ndipo nikaelewa kwamba klorini yetu ndiyo iliyoua vijidudu alivyokuja kuvitafuta.

Basi nisikilize, mwanangu. Popote utakapoishi, wakija kupima maji machafu ya mtaa wako, waachie yalivyo. Usiyapambe. Mtu akiharisha nyumbani kwako, sema. Maji ya mtaro yamechanganyika, hayamtaji mtu wala nyumba, kwa hiyo aibu niliyoikimbia haikuwapo kabisa. Niliitunga mwenyewe, na aliyelipia ni Saada.

Mungu akupe afya wewe na walio nyumbani kwako, na akujaalie ujasiri wa kuonekana mchafu mbele za watu, ule nilioukosa mimi wakati mdogo wangu alipokuwa bado hai.