Niliitikia kwa Kichwa, Mdogo Wangu Akachukua Maji Yangu

Admin nifichie jina, huku kwetu Upareni, wilaya ya Same, tunajuana hadi mbuzi. Nina miaka sabini na minne, shule niliishia darasa la nne, lakini kwa kulima hakuna aliyenifikia, na wanaobisha wanajua.

Mwaka juzi kiharusi kilinipiga. Mkono ulirudi, mdomo ukagoma. Naelewa kila kitu ila neno halitoki, na kichwa kinaitikia tu hata ninapokataa. Mdogo wangu anayekaa mjini akapanda huku milimani, akaja na wazee wa ukoo, akakaa mbele yangu. "Shikamoo kaka. Zamu yako ya maji ya ndiva niichukue mimi, si ndiyo?" Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, na zamu hiyo niliachiwa na baba. Moyoni nasema hapana, kichwa kikaitikia. "Mmeona wenyewe," akawaambia. Leo shamba lake la huku kijijini linanawiri, migomba yangu imekauka imesimama.

Mjukuu wangu anasomea tiba ya matamshi na lugha, yaani kumrudishia mtu usemi. Alipokuja likizo akaniambia, "Babu, ugonjwa huu mtu huitikia hata anapokataa. Wamekuonea." Akanianzisha na nyimbo za kanisani, maana hizo zilitoka zenyewe, halafu neno moja moja. "Tuanze na chai, Babu." Mimi nikang'ang'ania "mwizi". Alicheka hadi akakaa chini.

Sasa nasema kuliko diwani, ila nje ya nyumba hakuna anayejua. Mdogo wangu akija bado ananibembeleza kama mtoto, nami naitikia kwa kichwa makusudi, namwangalia anavyojinenepea.

Jumamosi ni kikao cha ukoo. Anataka zamu ithibitishwe iwe yake, na wazee wetu wakishathibitisha hawarudi nyuma. Nimepanga nimwache aulize "si ndiyo, kaka?" mbele ya wote, ndipo nisimame nimtaje kwa jina lake la mwizi. Nataka nione atawaambia nini wazee.

Shida ni mjukuu. Chuoni huko anakaa kwa huyo huyo mdogo wangu, hana pengine, na amebakiza mwaka. "Babu, ukimwaibisha ataniweka nje jioni hiyo hiyo. Ninyamazie nimalize." Aliyenirudishia ulimi ndiye anayeniomba niufunge. Na mimi mwaka mmoja sina uhakika nao, kiharusi hakipigi hodi.

Wa kunihubiria nisamehe apite, mchungaji ninaye. Nyie wengine nishaurini: Jumamosi niseme, au niitikie tena?