Aliyekataa kumwinamia mfalme wa Gaya

Saa kumi na mbili asubuhi, giza bado halijapisha, na Léocadie M'Cirhuza amesimama mbele ya jiko lisilo lake, akikaanga samaki wa mfalme aliyekufa karibu miaka elfu mbili iliyopita.

Anapiga miayo, anageuza samaki, anapiga miayo tena. Ametoka Croydon kwa tramu, akapanda treni Wimbledon, akashuka New Malden, kitongoji cha London ambako nusu ya maduka yameandikwa Kikorea.

"Miye sijui kama nimeamka ao ningali nalala," anasema kwa Kiswahili cha Kongo, ambamo "njo" ni ndiyo. "Mikono njo inafanya kazi. Kichwa kilibakia kwa kitanda."

Léocadie ni mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na ana miaka hamsini na sita. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani: kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha, na zaidi ya yote kuwasikiliza. Hulipwa kwa saa anazokuwa ndani ya nyumba ya mzee tu. Saa za tramu na baridi ya kituoni ni sadaka yake kwa Uingereza.

Kwa miaka minne sasa, mteja wake wa asubuhi ni mzee Kim, mhandisi mstaafu wa miaka tisini na moja. Wawili hao huzungumza Kiingereza cha kuungaunga, kila mmoja akijazia kwa mikono. Mzee humwita Madam Leo, naye humwita mzee papa, yaani baba.

Na kila asubuhi, wakati wa kuvishwa soksi, mzee husimulia habari ileile. Mayai sita ya dhahabu yalishuka kutoka mbinguni yakiwa yamefungwa kwa kitambaa chekundu. Yai la kwanza kupasuka lilimtoa Suro, naye akawa mfalme wa Gaya, nchi ya wafua chuma kusini mwa Korea. Binti mfalme akavuka bahari kutoka nchi ya mbali, akaolewa naye, wakazaa wana kumi. Malkia aliomba jina lake lisipotee, hivyo wawili wakapewa jina la mama, Heo. Wengine wakabaki na jina la baba, Kim, ukoo wa mzee.

"Najua hiyo mambo kuliko Baba Yetu uliye mbinguni," Léocadie anasema, akicheka kichovu. "Kama anasahau, miye namukumbusha."

Gaya yenyewe ilimezwa na jirani yake, ufalme wa Silla, zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita. Lakini damu haimezwi. Mamilioni ya Wakorea bado wanajihesabu kuwa uzao wa Suro, na kaburi lake linatunzwa hadi leo mjini Gimhae. Kwa desturi, Kim wa Gimhae na Heo wa Gimhae hawaoani. Ni ndugu.

Hapo ndipo nyumba ya mzee Kim ilipopasuka. Binti yake wa pekee, Eun-hee, alimpenda kijana wa ukoo wa Heo, hapahapa London. Mzee hakwenda harusini, wala hakumpokea tena nyumbani. Imepita miaka ishirini na saba. Binti anaishi mwendo wa basi moja tu kutoka hapa, na habari za baba yake huzipata kwa simu, kutoka kwa Léocadie.

"Anauliza, amekula? Amelala? Miye najibu. Naweka simu, muzee ananiuliza, ule ni nani? Namwambia, ni mutoto yako. Ananyamaza," anasimulia. "Miaka mine, ndugu yangu! Kubeba muzee, hapana neno. Ile kimya njo inanichokesha."

Kila vuli, ukoo unapokusanyika kaburini Gimhae, mzee naye huandaa meza sebuleni kwake: wali, supu, samaki mzima, matunda, pombe ya mchele na ubani. Mwaka wa kwanza Léocadie, kwa mapenzi tu, alimpaka samaki pilipili kama wapikavyo kwao. Mzee akalia machozi. Pilipili hufukuza mizimu, alimweleza. Ni kumwalika mgeni kisha kumfungia mlango. Samaki yule walimla wao wawili, na Léocadie akakaanga mwingine.

Mwaka huu tatizo limezidi pilipili. Magoti ya mzee yamegoma kabisa. Wiki mbili zilizopita alimshika Léocadie mkono, akamwomba amwinamie mfalme kwa niaba yake, paji la uso hadi sakafuni.

Léocadie ni mwimbaji wa kwaya katika kanisa la Wakongo. Akakataa.

"Nilimwambia, papa, nitakuosha, nitakubeba, nitapikia huyu mfalme yako. Lakini magoti yangu iko ya Yesu, vraiment, kweli kabisa."

Msimamizi wake kazini, Kalpana, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, alimuunga mkono kwa simu. "Kazi yetu ni dawa na chakula, Léo. Mambo ya kuinama hayako kwa care plan, ule mpango wa kumtunza mzee," alimwambia. Kisha akatania, kwa kuwa wapo wanaosema yule malkia alitoka India: "Huyo basi ni shangazi yetu, na hakuna mtu amenialika."

Mzee hakuona cha kuchekesha. Alisusa chakula. Alisema akikosekana mtu wa kuinama, heshima ya wazee wake itafia mikononi mwake, naye atawafuata akiwa na aibu. Léocadie aliogopa kweli, kwa maana mzee wa umri ule akisusa uji hachukui muda kufa. Lakini alikuwa ametoka zamu ya usiku kwa mteja mwingine, na uvumilivu ukamwishia.

"Nilikuwa nimechoka, sikuchagua maneno. Nikasema, papa, kila siku unaniambia Kim na Heo ni ndugu, baba moja, mama moja. Donc, basi, huyu bwana ya mutoto yako, mfalme ni babu yake pia! Ulimukataza kuoa juu ni ndugu. Sasa utamukataza kusalimia babu yake juu ya nini?"

Mzee alinyoosha mguu wa pili, akavishwa soksi. Kesho yake, kabla hata ya chai, alisema neno moja kuhusu binti yake: mpigie.

Na leo, saa tatu, kengele ya mlango inalia. Eun-hee anaingia akiwa na macho mekundu. Nyuma yake yupo mumewe, bwana Heo, mtu wa makamo mwenye mvi, ameshika boksi la mapeasi kwa mikono miwili kama anayekwenda kuposa.

Hakuna salamu. Bwana Heo anavua viatu, anakwenda mezani, anapiga magoti na kuinama, mara mbili. Kisha, bila kuambiwa, anamgeukia mzee na kumwinamia yeye pia. Léocadie yuko mlangoni mwa jiko, taulo begani, analia waziwazi. Mwandishi wenu naye anajifanya kutafuta kalamu.

Mzee anamtazama mkwewe, halafu anasema kitu kwa Kikorea. Eun-hee anacheka na kulia kwa pamoja.

"Anamuuliza, mbona umezeeka hivi?" anatutafsiria.

Baada ya ibada, chakula cha mfalme huliwa na walio hai. Léocadie anakula amesimama, maana mteja wa pili anamngoja Kingston, kitongoji jirani. Kabla ya kuondoka anamwonyesha Eun-hee namna ya kumwinua mzee bila kuumiza mgongo. Kuanzia Jumapili binti atakuja mwenyewe kumtunza.

"Nilifurahi, kisha nikaogopa," Léocadie anakiri, akivaa koti. "Nikajiuliza, sasa miye nitakuwa nani kwa hii nyumba? Muzee akasema, mwaka kesho nisishike sufuria, nikuje kama mugeni. Nitakuja. Nitakaa kwa kiti, na wao njo watapika."

Anamtazama mzee, aliyesinzia huku mkono wake umo mkononi mwa bintiye.

"Na kama atakuwa amekufa, nitakuja tu. Si wanasema wafu wao wanafika pale kwa meza? Atataka kuona mutu mwenye alizoea. Sitainama, hapana. Nitasimama tu, nimwambie, jambo, papa."