Mlio wa Baiskeli ya Martina

Ipo Alhamisi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka kwanza, aibu inafuata baadaye. Nilikuwa nimerudi nyumbani Jorodom, pembeni mwa Katesh, na shahada yangu ya sayansi ambayo ilikuwa haijapata hata mkunjo mmoja, nikisubiri ajira. Nyumbani walinipokea kama mvua. Mama aliacha kunituma kuni. Redio ya jirani ikikoroma niliitwa. Ng'ombe akikataa kula niliitwa pia, nami nilikwenda, nikatazama, nikasema jambo refu. Mwaka ule hakuna aliyenisikia nikisema "sijui". Chuo kilinifundisha mengi, lakini neno hilo nadhani lilifundishwa siku niliyokuwa naumwa.

Mdogo wangu Martina alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa na baiskeli ya mbio, ile ya tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Mjomba wetu aliileta ya mtumba kutoka Arusha, rangi imechunikachunika. Lami ilikuwa bado mpya huku kwetu, na Martina aliipanda kila asubuhi akishamaliza kukamua. Usidhani natia chumvi kwa sababu ni damu yangu: wanaume waliotoka kijiji cha Gehandu kwa baiskeli walikuwa wakiuona mgongo wake tu. Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na mashindano ya wilaya, na wasichana wawili wa kwanza wangekwenda Babati kuiwakilisha Hanang. Sijawahi kumwona akitaka kitu kwa nguvu kama alivyotaka safari ile.

Wiki mbili kabla, baiskeli ikaanza kulia. Ko, ko, ko, kila mguu wa kulia uliposhuka. Martina akaniletea kwa adabu zote.

"Kaka, ina mlio. Sijui ni nini, ila naona ikiwa—"

Nikamwinulia kiganja. "Niachie mimi."

Siku ya kwanza nikasema ni cheni. Nikaiosha kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, ikalia vilevile. Nikasema ni gololi za pedeli. Nikafungua, gololi zikatawanyika uani, kuku mmoja akameza mbili na akaendelea na maisha yake. Nikaweka mpya. Ikalia. Nikaigeuza juu chini, nikazungusha pedeli kwa mkono, nikainamisha sikio: kimya kabisa. Akipanda Martina, ko, ko, ko. Hapo, mwanangu, mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilichukua daftari nikachora mchoro wenye mishale.

Jumatano jioni nikapata jibu. Chini ya fremu, karibu na pedeli, niliona mstari mwembamba kwenye rangi. Nikatangaza kwamba fremu imepasuka. Tukiwa tunakula nikaeleza jinsi chuma kinavyochoka, jinsi kitakavyokatika mtu akiwa katikati ya mteremko. Mama akaacha kula. Baba akanawa mikono, akasema, "Kama msomi amesema, basi." Nikampigia simu mwalimu aliyekuwa akiandaa wachezaji wa kata yetu, naye akafuta jina la Martina. Martina hakubishana. Alisema, "Sawa, kaka," akakusanya vyombo. Nami nililala usingizi mzuri sana, usingizi wa mtu aliyeokoa maisha.

Alhamisi tukaenda mjini kusaga mahindi na kumwonyesha baiskeli fundi wa kuchomelea vyuma. Punda alibeba gunia, mimi nilibeba daftari, Martina alikuja nyuma akisukuma baiskeli kwa sababu nilikuwa nimempiga marufuku kuipanda.

Mashine tuliyozoea ilikuwa ya Mama Zuhura, mjane wa familia ya wafanyabiashara waliohamia Katesh kutoka Kondoa zamani. Mama yule alikuwa na masikio ya ajabu. Angeweza kukuuliza habari za nyumbani huku mashine inanguruma, halafu katikati ya sentensi akainuka kwenda kukaza mkanda ambao sisi wengine hatukujua kama umelegea. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza habari za baba, za mama, za mifugo, za shamba, moja baada ya nyingine. Kisha akamgeukia Martina.

"Na wewe, mbona unaisukuma kama unapeleka mgonjwa?"

Nikajibu mimi. Nikaeleza cheni, gololi, uchovu wa chuma. Nikafungua daftari. Mama Zuhura alinisubiri kama mtu anayesubiri lori refu lipite ndipo avuke barabara.

"Umemaliza, baba?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nilimwuliza Martina."

Watu wa kwenye foleni wakaangua kicheko. Martina akanitazama kwanza.

"Usimtazame kaka yako, yeye hakuipanda. Inalia wakati gani?"

"Nikiwa nimekaa, mama."

"Na ukisimama?"

"Nikisimama kwenye kilima inanyamaza. Nikikaa tu, inaanza."

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilihisi masikio yangu yanapata moto. "Martina! Mbona hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Ulikuwa unaeleza, kaka."

Hakuna mtihani wa chuo ulionipiga vile. Hakusema kwa kejeli, ningeivumilia kejeli. Alisema kwa heshima, kama alivyolelewa. Kwetu mdogo hamkati kaka yake kauli, tena kaka mwenyewe ndiye msomi wa ukoo. Alikuwa tayari kuikosa Babati kuliko kunikosoa mbele ya baba.

Mama Zuhura hakungoja nimalize kuona aibu. Aliukwangua ule mstari wangu kwa ukucha. Rangi ikabanduka, chuma cha chini kikaonekana kizima, hakina hata alama. Kisha akashika siti kwa mikono miwili akaitikisa. Akaniambia nichomoe bomba lake, lile linaloingia ndani ya fremu. Lilitoka kwa shida, kavu, limejaa vumbi jekundu na kutu. Martina alipokaa na kukanyaga, bomba lilikuwa likisuguana na fremu, na mlio ukasafiri na chuma mpaka miguuni, mahali nilipokuwa nikiutafuta kwa wiki mbili. Tukalifuta kwa kitambaa. Mama Zuhura akachota grisi ya mashine yake kwa kidole, akalipaka, tukalirudisha na kulikaza. Akazima mashine.

"Mama, unga wetu!" wakalalamika watu.

"Unga haukimbii. Martina, panda. Kaa, usisimame."

Martina akapita mbele yetu, akaenda mpaka kwenye lami, akarudi akiwa amekaa, anakanyaga kwa nguvu. Tulisikia tairi na upepo, basi. Aliposhuka alikuwa anacheka, na ghafla akaanza kulia, kwa sababu alikumbuka jina lake limefutwa.

Nikampigia mwalimu. Akanijibu kwa ufupi. "Orodha iko kwa kamati, wamekaa sasa hivi hapo uwanjani. Mimi nilishawaambia fremu imepasuka kwa maneno yako. Siwezi kwenda kuwaambia imepona. Nenda wewe."

Nikasimama pale nikiitazama njia ya uwanjani. Kwenye kamati ile nilijua kuna watu wawili niliosoma nao sekondari, ambao niliwahi kuwaeleza mambo mengi bila wao kuuliza. Nakwambia ukweli, kwa dakika nzima nilitafuta namna ya kusema kwamba fremu ilikuwa na tatizo dogo nami nimelirekebisha. Nilikuwa nimeshaipanga sentensi. Kisha nikamwona Martina anaifuta ile baiskeli kwa upindo wa kitenge chake, hataki kunihimiza, hata sasa.

Nikaenda. Nikawaamkia, nikasema, "Nilikosea. Fremu ni nzima. Lilikuwa vumbi kwenye bomba la siti, na aliyeligundua ni mama wa mashine ya kusaga, baada ya kumwuliza Martina. Mimi sikumwuliza."

Kisha mmoja wa wale wawili akasema, "Jamani, shahada imepata pancha!" Wakacheka mpaka wengine wakashika meza. Nami nikacheka, ingawa nilichelewa kidogo kuliko wao. Mwenyekiti alipopangusa macho, akaandika jina la Martina chini kabisa ya orodha.

Jumamosi Martina alimaliza wa pili. Nilisimama kwenye lami nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka siku tatu, na Babati nilikwenda naye, kazi yangu ikiwa kubeba maji. Nimepata vyeti vingine tangu wakati ule, na watu wananiita daktari bila kutarajia dawa. Lakini nikiulizwa najivunia nini, naanza na kubeba maji.

Kwa hiyo, mwanangu, nawe umerudi na cheti, nasi tumekukalisha upande wa wageni. Sikukatazi kujivuna, tumekusubiri kwa muda mrefu. Ila mtu akikuletea tatizo lake, usimwinulie kiganja. Mwulize yeye aliye juu yake kila siku: linaanza lini, linanyamaza lini. Kisha nyamaza mpaka amalize, hata kama anatafuta maneno. Ukijua, saidia. Usipojua, sema hujui, haitakuua. Na ukikosea mbele za watu, kiri mbele za watu walewale, mapema, kabla kosa lako halijala siku ya mtu mwingine.

Na wewe uliye mdogo hapa kati yetu, unayeona na kunyamaza kwa adabu: amkia kwanza, halafu sema. Kumheshimu mkubwa wako ni pamoja na kumwambia anapopotea. Martina sasa ananikata kauli wakati wowote anaotaka, na sijapata heshima kubwa kuliko hiyo.

Nenda, mwanangu. Mungu aikuze kazi ya mikono yako, akupe jina zuri kila utakakofika, na akufanye mkubwa ambaye wadogo zake hawamwogopi.