Namba ya Mdogo Wangu

Nilimwonea wivu mdogo wangu. Nimelikana jambo hili mbele ya mama, mbele ya shemeji, na mara nyingi zaidi mbele yangu mwenyewe, kazi isiyo ngumu kwa sababu mimi ni msikilizaji anayeridhika upesi. Sikumwonea wivu kwa sura, ingawa anayo, wala kwa mume, ingawa anaye na wangu alishaenda zake. Nilimwonea wivu kwa namba.

Sote wawili tuna kisukari, kile cha sindano. Yeye kilimpata akiwa msichana wa shule ya msingi. Mimi kilinisubiri nimalize chuo kikuu, nipate shahada mbili na tabia ya kusahihisha barua za watu, ndipo kikaja. Mwenye ugonjwa huu hujidunga insulini kabla ya kula, na kiasi chake hutegemea wanga ulio kwenye chakula. Hapo ndipo namba inapoingia. Kila mtu ana yake: uniti moja ya insulini inatosha gramu ngapi za wanga. Namba ikiwa kubwa, mwili wako ni mwepesi, insulini kidogo inakutosha. Ikiwa ndogo, unajidunga kama mtu anayemwaga maji kwenye mchanga.

Chapati za mama tulizipigia hesabu siku moja pale nyumbani Kiwanjani, hapa mjini Isiolo. Tulipima unga, tukagawanya kwa chapati zilizotoka, tukakubaliana kwamba moja ina gramu hamsini hivi za wanga. Mama alitutazama tukihesabu kama watu wanaogawana urithi akiwa bado hai.

Asubuhi, namba yangu ilikuwa sita. Maana yake chapati moja ilinidai uniti nane. Mdogo wangu asubuhi alikuwa kumi, chapati ileile ikamdai tano. Mchana mimi nilipanda hadi kumi, nikajiona mtu, naye akapanda hadi kumi na nane. Jioni sote tulishuka kidogo, lakini hakuna saa hata moja ya siku niliyowahi kumfikia. Chapati moja, sinia moja, mama mmoja.

Sababu zilikuwepo, na nilizijua zote. Alfajiri mwili hutoa homoni za kumwamsha mtu, na homoni hizo huifanyia insulini ukaidi, ndiyo maana karibu kila mtu huhitaji dawa zaidi kwa kifungua kinywa kuliko kwa chakula cha mchana. Anayetembea hutumia kidogo kuliko anayeketi. Mdogo wangu aliolewa mbali, huko Kinna, na kila siku alikwenda kwa miguu hadi shamba lao la vitunguu na kurudi. Mimi huketi kwa kazi. Naandika makala za kuchekesha kwa ajili ya watu wanaosoma wakiwa wameketi. Unene, usingizi, homa, hedhi, hasira, vyote huisogeza namba. Nilijua haya, na bado niliichukulia namba yake kama tusi.

Naye hakunisaidia. Akija kututembelea, kabla hata hajavua viatu, angeuliza:

"Dada, asubuhi umekula na ngapi?"

"Kula chako."

"Nane? Tisa? Profesa, umeshindwa na chapati?"

"Wewe una mwili wa swala. Usijisifu kwa kazi ya Mungu."

"Swala hana kisukari."

Mama, ambaye huchemsha chai na sukari humohumo kwenye sufuria kama kila mtu hapa mjini, alikuwa na kisufuria kidogo cha chai yetu isiyo na kitu. Aliiita chai ya wafungwa. Alitumiminia huku akitunung'unikia sote wawili, mshindi na mshindwa.

Halafu mdogo wangu akapata mimba.

Niseme wazi mimba hii ilikuwa nini. Alikuwa ameolewa miaka mingi. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka mapema, na baada ya ya pili watu wa upande wa mumewe walianza kuuliza habari za afya yake kwa upole uliozidi kiasi. Shemeji hakuwahi kusema neno. Lakini mdogo wangu aliniambia, tukianua nguo, kwamba hii ikitoka hatajaribu tena, na kwamba hatamlaumu mumewe akitafuta mwingine. Aliyasema hayo huku akikunja shuka, pembe kwa pembe.

Kwa hiyo akawa mwangalifu kama mtu anayebeba mafuta ya taa karibu na moto. Alijipima sukari kila mara, kabla ya kula na baada ya kula. Kila siku mtandao ukikubali, sauti yake ilinifikia kwenye simu ikiwa na namba zake.

Miezi ya kwanza alikuwa mwepesi kupita kiasi, sukari ikimshuka ovyo, akitembea na tende mfukoni. Kisha namba ikaanza kuporomoka. Kumi ya asubuhi ikawa nane, ikawa sita. Kliniki walikuwa wamemwambia itakuwa hivyo: kadiri mimba inavyokua, mwili unaikataa insulini zaidi, na dawa lazima iongezwe. Siku aliyoniambia kwamba asubuhi ni sita, nilikuwa jikoni, nami nilicheka kwa sauti.

"Karibu," nikamwambia. "Kiti ni hiki hapa karibu yangu."

Alipofika nne, nilikuwa nimemshinda kwa mara ya kwanza maishani. Nilijidunga uniti zangu nane asubuhi hiyo nikiwa na furaha ambayo mtu mzima hapaswi kuwa nayo. Nilimwambia mama. Mama akaniuliza, "Sasa wewe umeshinda nini?" Ushindi ulikuwa wangu hata hivyo.

Mwezi wa nane wa mimba ulipokuwa ukielekea mwisho, tulikubaliana kwamba angekuja Kiwanjani wiki inayofuata, akae nasi karibu na hospitali hadi ajifungue. Mama alifua mapazia. Mimi nilihamisha vitabu vyangu kutoka chumba cha nyuma, nikagundua kwamba vingi sijavisoma.

Katika siku hizo ndipo namba yake ilipoanza kurudi juu. Nne ikawa tano. Kesho yake sita. Sukari ilimshuka baada ya kiamsha kinywa, akapunguza dawa, ikashuka tena, akapunguza tena. Ujumbe wake ulikuja akicheka.

"Dada, salaam aleikum. Kunja kiti chako, mimi narudi kwangu. Leo asubuhi saba! Huku hata uji nimekunywa. Umeshindwa tena, pole sana."

Niliuweka ule ujumbe mama ausikie. Mama akainua mikono.

"Mashallah. Mtoto anamponya mama yake."

Nami nikasema nini? Nilikuwa na shahada mbili. Nilisema, "Huyo mtoto ana upendeleo," nikaenda zangu nikiwa nimenuna. Hiyo ndiyo sehemu niliyoikana kwa muda mrefu kuliko zote. Watu wakiniuliza baadaye, nilisema nilifurahi naye. Sikufurahi. Nilikuwa nimenyang'anywa kitu, na mtu aliyenuna huwa hafikirii, hukaa tu akijihurumia.

Alipiga pia siku iliyofuata, tukaongea kidogo kabla ya mtandao kukatika. Alisema amelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kwa sababu mtoto ameacha kumpiga mateke ya mbavu.

"Amepata adabu," akasema.

"Basi hajatoka kwetu," nikajibu, tukacheka sote wawili.

Asubuhi iliyofuata niliketi barazani kuandika makala. Niliona nimepata kichekesho kizuri: dada wawili wanaoshindania namba ya chapati, mmoja akipewa mimba ili mwenzake ashinde, kisha akiupoka ushindi huo mwishoni. Nilikuwa nimeshaandika kurasa mbili na nilikuwa najipenda sana. Mama alikuwa uani akichagua mchele. Nikafika mahali ambapo msomaji asiye na kisukari angeuliza: lakini kwa nini mimba huishusha namba? Nikaona nieleze kwa sentensi moja, kisha niendelee na mzaha.

Nikaandika kwamba kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, hutoa homoni zinazoizuia insulini ya mama isifanye kazi sawasawa, na kadiri linavyokua na kufanya kazi yake, ndivyo mama anavyohitaji dawa zaidi.

Ilikuwa sentensi safi. Niliisoma tena kuangalia kama ina neno la kupunguza.

Kisha nikaisoma kinyume. Kama kondo likifanya kazi mama huhitaji dawa zaidi, basi mama anapoanza ghafla kuhitaji dawa kidogo na mtoto bado yumo, kondo linafanya nini?

Nilikaa nimeshika kalamu. Nilitafuta kwenye simu, nikasoma mahali pawili patatu, na kote walisema kwa lugha ya tahadhari: kushuka kwa haraka kwa mahitaji ya insulini mwisho wa mimba wakati mwingine si kitu, hutokea kwa wengi, na wakati mwingine ni dalili kwamba kondo linashindwa, mama aangaliwe mara moja. Nikalishika lile "wakati mwingine si kitu" kwa mikono miwili. Na mateke? Mateke niliyakumbuka mwisho, na nilipoyakumbuka nilisimama hadi kiti kikaanguka.

"Nini?" mama akauliza kutoka uani.

"Hakuna kitu."

Nilimpigia. Hapatikani. Nikampigia shemeji. Hapatikani. Kinna mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiye na shukrani. Nilipiga nikitembea kutoka barazani hadi kwenye lango, nikirudi, nikipiga tena. Mama aliweka ungo chini akaanza kunitazama tu. Hatimaye simu ya shemeji ikaita. Alikuwa shambani, nikasikia mashine ya maji nyuma yake.

"Shemeji, salaam aleikum, vipi huko?"

"Mpe simu."

"Yuko nyumbani, shemeji, kuna nini?"

"Kimbia umpe simu. Kimbia."

Nilimsikia akikimbia. Sijui kama kuna sauti ya kusikitisha kuliko pumzi za mwanamume mzima anayekimbia bila kuambiwa sababu. Kisha nikasikia mdogo wangu akiuliza, "Ni nani? Ni dada?" na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu aliyekuwa akifanya kazi.

"Leo umekula na ngapi?" nikamuuliza, kwa sababu sikujua pa kuanzia.

"Namba imerudi kumi!" akasema. "Na bado nimeshuka. Nimelazimika kulamba sukari. Nilitaka kukupigia nikutambie, mtandao ukakuhurumia wewe."

"Mtoto anacheza?"

"Ametulia. Si nilikuambia ametulia?"

"Leo amecheza?"

Nikasikia akivuta kiti na kuketi.

"Jana je? Jana alicheza saa ngapi?"

"Dada," akasema, "unanitisha. Kwa nini unaniuliza hivyo?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwa ufupi kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote. Nilimwambia kwamba inawezekana si kitu, kwamba wengi huwatokea na mtoto akawa salama, lakini waende kituo cha afya hapohapo Kinna sasa hivi, wasisubiri gari la Isiolo, wamtazame kwa mashine ya picha.

"Nabadilisha dera," akasema.

"Usibadilishe kitu. Nenda."

Nilisikia akimwambia mumewe, "Twende, dada anasema twende," kisha simu ikakatika.

Ilibidi nimwambie mama. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kitu kimoja tu: kama tulikuwa tumelijua hili siku alipoinua mikono. Nikamwambia hapana. Alikwenda kutawadha, akatandika mkeka wake kwenye kivuli cha ukuta, akakaa juu yake akiomba, si sala ya wakati wowote, akaomba tu.

Mimi niliiweka simu juu ya zile kurasa mbili na kuitazama. Sikupiga, kwa kuogopa nisije nikaifunga njia wao wakipiga. Nilifikiria njia kutoka kwao hadi kituoni. Pikipiki ingemtikisa, kwa hiyo wangetembea, yeye akiwa ameshika mgongo, shemeji akimtangulia na kurudi nyuma. Nilifikiria benchi. Nilifikiria yale mafuta baridi wanayokupaka tumboni. Nilimpa kila mtu muda wake: wa kuandikisha, wa kungoja, wa kuwasha mashine, wa muuguzi kusema lala upande huu, mama. Kila nilipomaliza hesabu hiyo na simu haijaita, niliianza upya na kuwaongezea foleni.

Iliita mchana, adhana ikiwa imemalizika. Ilikuwa simu ya shemeji, lakini aliyeongea ni mdogo wangu.

"Dada."

"Niko hapa."

"Ametafuta," akasema. "Yule dada wa mashine. Ametafuta sana. Halafu akaita daktari, naye akatafuta."

"Ndiyo."

"Nikamwambia ajaribu upande wa kushoto, huwa anapenda kushoto. Akajaribu na kushoto."

Mama alikuwa ameinuka kutoka kwenye mkeka. Alisimama mbele yangu akiwa bado amejitanda mtandio wa sala, akinitazama mdomo.

"Moyo wake haupigi, dada. Wamenionyesha. Wamegeuza ile skrini wakanionyesha."

Nilitaja jina la Mungu.

"Mama yuko karibu?" akauliza.

"Yuko hapa."

"Basi mwambie wewe," akasema. "Mimi nitaongea naye baadaye."